Msimu wa Maboga Machungu

Mimi maboga nayajua. Wapo wanaojua Biblia, wapo wanaojua kuamua kesi za mipaka, mimi najua maboga. Shule nilifika darasa la nne, nikatolewa ili nilee wadogo zangu, na tangu hapo darasa langu ni bondeni. Kwa hiyo nikisema kwamba kuna siku nilishika boga changa mkononi nikaogopa, msidhani ni woga wa bibi anayekimbia kivuli chake. Niliogopa kwa sababu nilijua ninachokitazama.

Bustani yetu ya kikundi iko chini ya kilima hapa Bugarama, kwenye bonde la kuelekea Mbuba. Kijiji kilitupa sisi wanawake lile eneo kwa sababu lilikuwa limejaa matete na hakuna mwanaume aliyelitaka. Tukang'oa matete, tukachimba mifereji, tukaweka uzio wa miti. Sasa wanaume wanalitaka. Hawalipati.

Kazi yangu mle ndani ni mbegu. Boga letu, ambalo sisi Wahangaza tunaliita umwungu, nililipokea kwa mama mkwe wangu, naye alilipokea kwa mama mkwe wake. Nje ni la kijivu lenye mbavu, ndani limeiva kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji, na likipikwa na maharage hata mgonjwa anaomba aongezwe. Ili boga hilo libaki vile lilivyo, lazima uliozeshe mwenyewe.

Boga lina maua ya aina mbili. La kiume lina kikonyo kirefu na chini yake hakuna kitu. La kike limekalia kiboga kidogo, kama kidole gumba cha mtoto. Jioni unapita kutafuta yale yatakayofunguka kesho, ncha zake zinakuwa zimeanza kugeuka njano, unayafunga midomo kwa kamba ya mgomba, ya kike na ya kiume. Alfajiri, umande ukiwa bado uko, unachuma la kiume, unalichuna vile vijani vyake vya njano mpaka kibaki kijiti chenye unga. Unafungua la kike, unalipaka ule unga ndani, unalifunga tena asiingie mtu. Halafu unafunga uzi mwekundu kwenye kikonyo. Boga lenye uzi ndilo la mbegu. Mengine yote ni ya kula tu, maana nyuki hana adabu. Anatoka nyumba hii anaingia ile bila hata kufuta miguu.

Wenzangu wanaiita kazi hiyo ndoa za bibi. Wakinikuta nimeinama asubuhi wanauliza, "Bibi, leo umeozesha wangapi?"

"Wengi kuliko wewe," nawajibu, "ambaye binti zako wote bado wako nyumbani."

Tulikuwa tunacheka hivyo. Nasema tulikuwa.

Kikundi kina mwenyekiti. Ni mwanamke mchapakazi, mkubwa wa mwili na wa sauti, mdogo kwangu kwa umri wa kutosha kuniamkia, na hajawahi kuacha kuniamkia hata tulipokuwa na ugomvi. Msimu wa vuli, binti yake anayepamba kumbi za harusi mjini alimletea mbegu za vimaboga vya mapambo. Vimaboga vyenyewe ni vidogo kama ngumi, vina mistari ya kijani na njano, na mwili mzima umejaa vinundu kama chunjua. Haviliwi. Vinakaushwa, vinawekwa mezani watu wavitazame wakati wanasubiri pilau. Mwenyekiti alivipanda kando ya mfereji, hatua chache kutoka kwenye maboga yetu.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, kitu kisicholiwa usikipande karibu na kinacholiwa."

Akacheka mpaka jembe likamtoka mkononi. "Bibi, hata wewe huliwi, na tumekuweka hapa hapa."

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, ilikuwa imekaa vizuri.

Vuli ile ile mjukuu wangu aliyelelewa na mimi alioa. Kwetu bibi na mjukuu wanataniana, mimi namwita mume wangu, kwa hiyo mke wake ni mke mwenzangu. Alimpata Nyabusozi, huko Biharamulo, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Msichana mrefu, mpole, anayepiga magoti kumwamkia mtu hata kwenye tope. Siku za kwanza wanawake walimpenda kwa magoti yale. "Huyu amefundwa," wakasema. "Mabinti zetu wanaamkia huku wanatembea."

Alikuja na mbegu kwenye kipande cha khanga, alizopewa na mama yake. Zilikuwa mbegu za vibuyu, vile vya kuwekea maziwa. Kwao msichana haendi kuolewa mikono mitupu, na ng'ombe wasipokuwepo basi angalau kibuyu kiwepo cha kuwasubiri. Akaniuliza wapi apande. Nikamwonyesha uzio wa bustani, upande wa juu, vipate mahali pa kupanda. Vikatambaa vizuri sana. Jioni maua yake meupe yalikuwa yanafunguka mstari mzima, kama leso zimeanikwa.

Kosa alilofanya lilikuwa moja. Siku ya kwanza bondeni aliona boga changa akalinyooshea kidole. "Bibi, lile limeshika." Wanawake wakaguna. Sisi boga changa hatulinyooshei kidole, litaoza. Tunalionyesha kwa ngumi. Nikamkunja vidole vyake mwenyewe, nikamwambia, "Hivi, mke mwenza." Akamwomba radhi kila mtu, mmoja mmoja, kwa magoti. Nikadhani limekwisha.

Wakati wa kuvuna vuli ile mwenyekiti aliamua kwamba mbegu za kikundi zitoke kwenye maboga makubwa kuliko yote. "Hizi nyuzi za bibi ni mambo yake. Mbegu ya boga kubwa itazaa boga kubwa. Nani hataki boga kubwa?" Hakuna aliyekataa. Nilisema, nikachoka, nikabeba yangu machache yenye uzi. Mbegu za hayo nilizichanganya na majivu nikazitundika juu ya moto, na masika yalipofika nikazipanda kwenye pembe yangu. Bustani nyingine yote ikapandwa mbegu za yale makubwa.

Masika yale mvua ilikuwa nzuri. Kila kitu kilikuwa kizuri mno. Majani yalikuwa mapana kama ungo, maua mengi, nyuki wanavuma mpaka unasikia kichwani. Maboga yakashika. Ndipo asubuhi moja nikageuza jani kwenye mstari wa kikundi, nikashika boga changa kuangalia kama limeliwa na wadudu, na kidole changu kikapita juu ya kinundu.

Nikalisogeza kwenye mwanga. Lilikuwa la kijivu, lenye mbavu, boga letu kabisa. Lakini ubavuni lilikuwa na chunjua, na mstari mwembamba wa njano kutoka kwenye kikonyo mpaka kitakoni. Umewahi kuona mtoto mchanga akafunuliwa uso, watu wote chumbani wakanyamaza kwa sababu wanaiona sura ya mtu ambaye si baba yake? Ndivyo nilivyosimama pale.

Nikatafuta mengine. Siyo yote yalikuwa hivyo. Hili safi, lile safi, la tatu lina chunjua. Na kuna mengine yalikuwa safi nje na sikujua ndani kukoje.

Nilichuma moja nikaenda nalo nyumbani. Nikalipasua, nikagusa kwa ncha ya ulimi. Ule uchungu haukuwa wa mboga. Ulikuwa uchungu wa klorokwini ya zamani, ukaingia mpaka kwenye mizizi ya meno, ukakaa. Nilisukutua maji, nikasukutua tena, bado uko. Nikamtupia mbuzi ganda. Mbuzi wangu anakula hadi karatasi za sabuni. Alinusa, akarudi nyuma mpaka kamba ikamkaza shingo, akabaki analitazama lile ganda.

Siku ya kazi ya kikundi ilikuwa kesho yake. Nikasema nitawaambia wote pamoja.

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti alipika boga kwa wajukuu wake wawili. Lilikuwa boga la kwanza la msimu, na la kwanza hupewa watoto. Wakamwambia ni chungu. Akawaambia chakula hakitupwi, kuleni. Yeye mwenyewe alionja kidogo, lakini alikuwa na mafua, hasikii ladha. Kabla watoto hawajalala walianza kutapika. Wakatapika mpaka wakawa wanatoa maji ya kijani, na kuharisha, na yule mdogo wa kike akalegea shingo kama kifaranga. Walibebwa kwa bodaboda mpaka kituo cha afya, wakatundikiwa dripu.

Walipona. Nasema mapema ili msomaji asikae roho juu kama tulivyokaa sisi.

Asubuhi bondeni hakuna aliyeshika jembe. Mwenyekiti alikuja akiwa amevaa kitenge kile kile alicholala nacho kituoni. Akasimama katikati ya matuta.

"Boga haliwi chungu lenyewe," akasema. "Mimi nimekula boga la bonde hili miaka yote. Kitu kichungu ni kibuyu. Nani asiyejua kibuyu ni kichungu? Na nani amekileta kibuyu kwenye uzio wetu?"

Hakumtaja. Hakuhitaji. Vichwa viligeuka taratibu, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikawa vinamtazama mke mwenzangu. Alikuwa amesimama na ndoo kichwani, tumbo ndiyo kwanza limeanza kuonekana.

"Siyo kibuyu," nikasema.

"Basi ni nini, bibi?"

Nilijua ni nini. Lakini mbele yangu alikuwa mwanamke ambaye wajukuu wake wako kitandani na sindano mikononi, na alichowalisha alikipika kwa mkono wake. Kumwambia pale, mbele ya watu, kwamba uchungu ule umetoka kwenye mapambo yake? Mdomo wangu, ambao hata kwa padri haujawahi kufungwa, ulijifunga.

"Unaona?" akasema mwenyekiti kwa sauti ya chini. Ile sauti ya chini ndiyo iliyonitia baridi. Huyu mwanamke hajui kusema chini.

Baada ya hapo mambo yalienda kama maji yanavyoingia ndani ya nyumba, huoni yanapopita, unaona tu mkeka umelowa. Mke mwenzangu aliamkia watu bombani, hawakuitikia. Aliposogeza ndoo yake, ndoo nyingine zilisogezwa mbali. Yale magoti waliyoyasifu yakawa na maana nyingine. "Kwa nini anainama mpaka chini? Anaokota nini pale tulipokanyaga?" Na kidole kile cha siku ya kwanza kikakumbukwa. Aliyekuwa hakukiona naye alikikumbuka.

Halafu nywele za yule mtoto wa kike zikaanza kutoka. Watoto walikuwa wamesharudi nyumbani, wanacheza, tumeanza kupumua. Bibi yake akawa anamsuka, na nywele zikabaki mkononi kama nyasi kavu, bila maumivu, bila kidonda. Habari ikapanda kilima haraka kuliko moshi. Ugonjwa wa tumbo watu wanauelewa. Mtoto kunyonyoka kichwa bila ugonjwa, hapo hakuna aliyesema tena habari ya kibuyu. Walisema neno lenyewe.

Asubuhi iliyofuata tulikuta vibuyu vyote vimekatwa. Havikung'olewa, vilikatwakatwa kwa panga vipande vya urefu wa kidole, vikapangwa mbele ya mlango wetu. Mke mwenzangu alivikusanya kwenye ungo. Alikuwa anavikusanya kama mtu anayechambua mchele, polepole.

Nikasikia wanapanga kuwaita lambalamba, wale watu wanaotembea vijijini kutoa uchawi kwa ramli. Wangefika Jumapili, baada ya ibada. Baada ya ibada, mnaona. Serikali imewakataza, lakini serikali iko Ngara mjini na hasira iko hapa. Lambalamba hajawahi kufika mahali akakosa mtu. Akiitwa, lazima anyooshe kidole, ndiyo kazi iliyomleta, na kidole chake hufuata kule macho ya watu yaliko tayari. Boga hatulinyooshei kidole. Mtu tunamnyooshea.

Mjukuu wangu anachoma matofali, ana mikono kama mipini. Alikuja nyumbani akachukua panga.

"Mume wangu," nikamwambia, "keti."

"Bibi, nampeleka kwao leo. Nikirudi nitajua aliyekata."

"Ukimpeleka kwao leo, hatarudi hapa tena. Watasema amekimbia. Na mtoto aliyeko tumboni atazaliwa mtoto wa mchawi, atazeeka mtoto wa mchawi. Unataka hivyo?"

Mke mwenzangu alikuwa anasikiliza mlangoni. "Bibi," akasema, "mimi sijui kitu chochote kuhusu maboga."

"Najua. Ndiyo maana utakaa."

Nikavaa kitenge changu cha kanisani nikashuka bondeni. Nikamkuta mwenyekiti na wenzake. Akaniamkia. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwenyekiti, unasema kibuyu kimeingia kwenye boga."

"Sisemi mimi. Wanasema watu."

"Haya, watu. Kibuyu kinafungua ua lake jioni. Boga linafungua alfajiri. Hawa hawalali kitanda kimoja. Lakini msiniamini mimi. Kule nje ya uzio kuna tawi moja la kibuyu panga halikuliona, lina maua. Kesho alfajiri ua lake litakuwa bado halijanyauka. Njoo na mkono wako, paka unga wake kwenye maboga yangu, funga na kamba yako. Kama kibuyu kinaweza kulitia boga langu mimba, nitamfungia mizigo huyu binti mwenyewe, na lambalamba hana haja ya kuja."

"Na kisipoweza?"

"Kisipoweza, utawaambia watu."

Alinitazama sana. Mwanamke yule ana hasira lakini si mjinga, na ni mkulima. Jioni alikuja akachagua mwenyewe maua ya kike sita kwenye pembe yangu, akayafunga kwa vipande alivyochana kwenye kitenge chake, kwa fundo lake. Alfajiri tulikuwa wanane pale, tumejitanda khanga kwa baridi, hakuna anayesalimia. Akachuma maua meupe ya kibuyu. Yalikuwa yameanza kulegea. Akapaka matatu. Halafu akachuma maua ya kiume ya boga, kwenye pembe yangu pia, akapaka matatu. Unga wa njano ukamwagikia kwenye kifundo cha mkono. Mke mwenzangu hakuwepo. Nilimkataza asikanyage.

Kisha tukangoja.

Nimezaa, nimezika, najua kungoja. Lakini kungoja kule kulikuwa kubaya, kwa sababu mvua ilikataa kukatika, na mvua nyingi inaozesha viboga vyote bila kuuliza baba yao ni nani. Kama vyote sita vingeoza, ningekuwa sijathibitisha kitu. Kila asubuhi niliteremka kabla ya chai. Viwili vya unga wa kibuyu vikageuka njano, vikajikunja, vikaanguka. Vitatu vya unga wa boga vikaanza kujaa. Nikaanza kupumua.

Kimoja kilibaki. Kilipakwa kibuyu, na kilibaki kijani. Tena kilikuwa kimenenepa kidogo.

Ijumaa kilikuwa bado kijani. Wanawake waliokuwa wanapita njiani walisimama, wakakitazama, wakaendelea na safari bila kuniaga. Nyumbani mjukuu alikuwa ameshakaza mizigo ya mke wake kwenye baiskeli, ameifunika turubai, akidhani sikuiona. Nilikaa karibu na moto nikajiuliza, je, kama miaka yote hii nimekuwa nasema uongo kuhusu maboga? Nani alinifundisha? Mama mkwe. Nani alimfundisha yeye?

Jumamosi asubuhi mwenyekiti alitangulia kufika. Nilimkuta amechuchumaa mbele ya kile kiboga. Hakukigusa mpaka nilipofika. Akakishika kwa vidole viwili, kama mtu anavyomshika mtoto kidevu, na kikatoka. Kilikuwa kijani nje tu. Ndani kilikuwa maji. Kikabaki kiganjani mwake kama ute.

Akafuta mkono kwenye nyasi. Akafuta tena.

"Siyo kibuyu," akasema.

"Siyo."

"Basi uchungu umetoka wapi, bibi?"

Mchana nikaenda nyumbani kwake, peke yangu, na boga moja lenye chunjua nimelifunga kwenye khanga. Sebuleni kwake kuna meza yenye kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa kuna kikapu, na ndani ya kikapu kuna vile vimaboga vya mapambo vya vuli, vimekauka, vimepakwa mafuta vinang'aa. Kwenye mkeka alikaa yule mjukuu, amefungwa kitambaa kichwani, anakula muwa. Nikaweka boga langu kando ya kikapu.

Mwenyekiti alisimama akalitazama boga, akatazama kikapu. Akanyoosha kidole gumba, akakipitisha juu ya chunjua za boga, halafu juu ya chunjua za vile vidogo. Akarudia. Mtoto alikuwa anatafuna muwa, sauti ilikuwa hiyo tu.

"Nyuki," nikasema. "Vuli. Uliyachagua makubwa."

Akakaa chini kwenye mkeka. Alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, kichwa kile kwenye kitambaa. "Niliwalazimisha," akasema. "Walisema chungu. Nikamshika huyu kidevu nikamlisha."

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilikaa tu karibu naye.

"Unataka niseme nini kesho?" akauliza.

"Nataka lambalamba asije."

"Nikisema ukweli, hawatamwachia huyo binti tu. Watanigeukia mimi. Wanakijua hata kikapu hiki kilipo."

Alikuwa amesema kweli. Watu wakishakunja ngumi hawapendi kuifungua ikiwa tupu. Nilifikiri, nikaona nina mtoto tumboni mwa mke mwenzangu, na hapa pana mtoto kwenye mkeka. Nikamwambia, "Sema siyo kibuyu. Sema maboga ya mstari wa kikundi yote yang'olewe yachomwe, mbegu mpya zitoke kwangu. Na hivi vya kwenye kikapu vichome mwenyewe."

Akafanya hivyo. Jumapili alisimama nje ya kanisa akasema kwa sauti yake yote kwamba amefunga mwenyewe, amefungua mwenyewe, kibuyu hakina kosa, na atakayemwita lambalamba aanze na yeye mwenyekiti. Hakuna aliyethubutu. Mashina ya mstari mzima yakang'olewa, yakachomwa, moshi wake ulikuwa mzito na ulikaa bondeni hadi jioni. Vimaboga vya mapambo alivichoma nyuma ya nyumba yake, vikalia kwenye moto kama bisi.

Mke mwenzangu akabaki. Akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye sauti. Nywele za yule mjukuu wa mwenyekiti, zilizoangushwa na sumu ile ile ya boga, zimeota tena, laini kuliko za kwanza. Nilipomwambia mwenyekiti kwamba naandika haya, alifikiri kidogo akasema, "Andika, bibi, ila usitaje jina." Sijataja.

Lakini watu waliambiwa kisichokuwa na kosa, hawakuambiwa chenye kosa. Na kosa lisilo na mwenyewe halilali. Linazunguka linatafuta nyumba.

Sasa mbegu zote za kikundi ni zangu, zenye uzi mwekundu, na mke mwenzangu anazifunga pamoja nami, vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Tumeweka utaratibu kwamba kila boga linapasuliwa bondeni na linaonjwa bichi kabla halijaenda chunguni. Ni utaratibu mzuri, niliupanga mimi. Siku ya kwanza nilipochukua kisu, mama mmoja akasema, "Bibi, mpe mama mtoto aonje wa kwanza." Wengine wakaitikia, ndiyo, mpe yeye, ni heshima yake. Akapiga magoti akapokea kipande kwa mikono miwili, akalamba, akasema, "Tamu." Hawakusogea. Walikuwa wanamtazama koo, wanangoja alichomeza kifike kinakokwenda. Tangu siku hiyo ni hivyo kila mavuno. Wanaiita heshima. Mimi si mtoto. Kwa hiyo huwa nalamba kisu kabla sijampa, na wanajifanya hawajaona.

Mavuno ya juzi alikuja na mtoto mgongoni. Ameanza kuota meno, kila kitu anataka mdomoni. Mama yake alipoinama kupokea kipande, mtoto akanyoosha mkono juu ya bega lake, akakinyakua, akakitia mdomoni kizima.

Wanawake walisimama na maboga mikononi, hata mwenyekiti, wanamtazama yule mtoto mashavu. Akakunja uso. Meno mawili yakafanya kazi, mate yakatiririka kidevuni. Nililiozesha boga lile mwenyewe alfajiri, nikalifunga kwa kamba yangu, nikaliwekea uzi, na nilikuwa nimelamba kisu chake hivi punde. Nilikuwa najua ni tamu. Nami nikajikuta nimeshika pumzi, nangoja.